Nafasi ya Kumbukumbu za Familia katika Kufuatilia Nasaba na Uhamaji wa Waskoti, 1746–1890

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna kumbukumbu za zamani za familia zinavyoweza kutumika kufuatilia nasaba za Waskoti waliohamia Amerika ya Kaskazini, visiwa vya Karibi na Australia kati ya mwaka 1746 na 1890. Hoja kuu ni kwamba Uskoti ilitunza vizuri nyaraka za watu waliobaki, lakini tukio lenyewe la kuondoka halikuandikwa isipokuwa katika vipindi vichache. Kwa sababu hiyo, Biblia ya familia, barua, maandishi ya kaburini na simulizi za wazee mara nyingi huwa ndizo kiungo pekee kati ya nyaraka za nchi walikotoka wahamaji na za nchi walikofikia. Makala yanaonesha kwamba kiungo hicho kina kasoro mbili: hurahisisha sababu za kuondoka, na huwaacha nje baadhi ya watoto wa ukoo. Kwa kutumia mifano ya Nyanda za Juu za Uskoti na ya ukoo wa Wedderburn wa Jamaika, inapendekezwa kwamba kumbukumbu ya familia isipokelewe wala kukataliwa kwa jumla, bali kila dai lililomo lipimwe peke yake.

1.0 Utangulizi

Kati ya mwaka 1825 na 1938 watu zaidi ya milioni 2 waliondoka Uskoti kwenda ng'ambo. Kwa nchi yenye wakazi wachache kiasi kile, ni jamii chache za Ulaya zilizopoteza sehemu kubwa namna hiyo ya watu wake. Wajukuu na vitukuu vya wahamaji hao leo wako Kanada, Marekani, Australia, Nyuzilandi na Karibi, na wengi wao hutafuta kijiji, parokia na jina la mtu wa kwanza aliyepanda meli. Utafutaji huo huonekana kuwa mwepesi kwa sababu Uskoti ina daftari za kanisa, sensa, wosia na vyeti vilivyohifadhiwa kwa wingi. Hata hivyo, watafiti wengi hukwama mahali pamoja: wana babu aliyezeeka Nova Scotia au Ontario, na wana mtoto mwenye jina lilelile aliyebatizwa Uskoti, lakini hawana waraka unaothibitisha kwamba hao wawili ni mtu mmoja.

Makala haya yanashughulikia pengo hilo. Yanaanza kwa kueleza nyaraka za Uskoti zinasema nini na zinanyamaza wapi. Kisha yanajadili kumbukumbu za familia kama daraja la kuvukia pengo hilo, na kuonesha mambo mawili ambayo daraja hilo huyapotosha. Mwisho yanatoa mpangilio wa hatua za ufuatiliaji.

Suala la kuamini au kutoamini kumbukumbu za ukoo si geni kwa wasomi wa historia ya Afrika. Jan Vansina, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakuba wa Kongo na baadaye Rwanda na Burundi, alitetea hoja kwamba mapokeo ya simulizi ni chanzo halali cha historia mradi yahakikiwe kama vyanzo vingine. Mtazamo huo ndio unaotumika hapa, ingawa jamii inayochunguzwa ilikuwa na maandishi mengi. Hata katika jamii ya maandishi, habari za kuhama zilihifadhiwa zaidi na vinywa vya wazee na karatasi za nyumbani kuliko ofisi za serikali.

2.0 Nyaraka za Uskoti na Mahali Zinapokoma

2.1 Daftari za Parokia

Kabla ya tarehe 1 Januari 1855, Uskoti haikuwa na usajili wa serikali wa vizazi, ndoa na vifo. Kazi hiyo ilifanywa na parokia za Kanisa la Uskoti, zipatazo 900. Daftari la zamani zaidi lililosalia ni la Errol, Perthshire, linaloanza mwaka 1553, lakini parokia nyingi za Nyanda za Juu na za visiwa vya magharibi zina daftari zilizoanza karne ya 18 au hata ya 19. Daftari hizi, ambazo sasa zimo katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uskoti mjini Edinburgh, ziliandika ubatizo na matangazo ya ndoa zaidi kuliko mazishi.

Upungufu wa daftari hizi una sababu zinazojulikana. Kwanza, kati ya mwaka 1783 na 1794 kila uandikishaji ulitozwa ushuru wa peni tatu, na wazazi maskini waliepuka kuandikisha. Pili, Wakatoliki, Waepiskopali na makanisa yaliyojitenga walikuwa na daftari zao wenyewe. Tatu, mwaka 1843 Kanisa la Uskoti liligawanyika na kuzaliwa Kanisa Huru, na katika parokia nyingi za Nyanda za Juu sehemu kubwa ya waumini ikahamia huko. Nne, sheria ya Uskoti ilitambua ndoa iliyofungwa kwa tamko la wawili tu mbele ya mashahidi, na utaratibu huo ulidumu hadi mwaka 1940. Kwa hiyo, kukosekana kwa ubatizo au ndoa katika daftari la parokia hakuthibitishi kwamba mtu hakuzaliwa au hakuoa mahali hapo.

Pamoja na hayo, parokia ilitunza waraka mwingine unaogusa uhamaji moja kwa moja. Baraza la wazee wa kanisa liliandika kumbukumbu za vikao vyake: mashauri ya uzinzi, misaada kwa maskini, na vyeti vya tabia njema vilivyotolewa kwa muumini aliyehamia parokia nyingine. Palipoandikwa utoaji au upokeaji wa cheti hicho, mtafiti hupata ushahidi wa mtu akiwa safarini. Aidha, mashauri ya watoto waliozaliwa nje ya ndoa hutaja baba ambaye daftari la ubatizo huenda lilimwacha.

2.2 Usajili wa Serikali na Sensa

Usajili ulioanza mwaka 1855 ulikuwa wa kina. Katika mwaka huo wa kwanza, cheti cha kuzaliwa kilionesha umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, tarehe na mahali pa ndoa yao, na habari za watoto wao waliotangulia. Maelezo hayo yalionekana kuwa mzigo, yakapunguzwa mwaka 1856, na tarehe ya ndoa ya wazazi ikarejeshwa mwaka 1861. Cheti cha kifo cha Uskoti kina faida ya kudumu: hutaja baba na mama wa marehemu, na mama huandikwa kwa jina la ukoo wake wa kuzaliwa. Kwa mtafiti wa uhamaji, umuhimu wa cheti hiki uko kwa ndugu waliobaki. Mhamaji aliyeondoka mwaka 1830 hana cheti Uskoti, lakini dada yake aliyefariki baada ya mwaka 1855 anacho, na cheti hicho huwataja wazazi wa wote wawili.

Sensa ya watu kwa majina ilianza mwaka 1841 na kufanyika kila baada ya miaka kumi. Sensa ya 1841 ina mitego yake. Umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi namba inayogawanyika kwa tano, na kuhusu mahali pa kuzaliwa iliulizwa tu kama mtu alizaliwa katika kaunti anamoishi au la. Parokia ya kuzaliwa iliulizwa kuanzia mwaka 1851.

2.3 Ukimya wa Safari

Nyaraka zote zilizotajwa zinamwona mtu akiwa nyumbani. Kuondoka kwake ni jambo jingine. Orodha za abiria wanaotoka bandari za Uingereza zilizohifadhiwa kwa mfululizo zinaanza mwaka 1890 tu. Kabla ya hapo ipo mianya michache ya mwanga.

Mwanga wa kwanza ni wa mwaka 1773 hadi 1775. Serikali ilipoingiwa na hofu kwamba nchi inapoteza watu, iliwaagiza maofisa wa forodha waandike majina, umri, kazi, makazi na sababu za kila anayehama. Mwanahistoria Bernard Bailyn alitumia orodha hizo kama msingi wa kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu uhamaji wa kwenda Amerika. Miongoni mwake yamo mahojiano ya abiria wa meli Bachelor, waliotoka Caithness na Sutherland wakielekea North Carolina, ambayo yalifanyika Shetland mwaka 1774. Abiria hao walieleza kupandishwa kwa kodi za mashamba, kushuka kwa bei ya ng'ombe na kazi za lazima walizodaiwa na wenye ardhi. Hizi ni sauti za wakulima wenyewe zilizoandikwa wakati wa tukio, na kwa kipindi hicho ni nadra sana.

Mwanga wa pili ni orodha za Chama cha Uhamaji cha Nyanda za Juu na Visiwa, kilichofanya kazi kati ya mwaka 1852 na 1857 na kuwasaidia watu karibu 5,000 kwenda Australia baada ya njaa iliyosababishwa na ugonjwa wa viazi. Orodha zake hupanga abiria kwa familia, zikitaja umri, makazi na maoni mafupi kuhusu hali ya kila kaya. Hata hivyo, kuwamo katika orodha ya meli si uthibitisho wa kufika kwa meli hiyo. Meli Hercules iliondoka Campbeltown mwezi Desemba 1852, ikapatwa na mlipuko wa ndui na kukwama Ireland, na baadhi ya abiria wakagawanywa katika meli nyingine. Mtafiti anayeishia kwenye orodha ya kuondoka atawatafuta watu hao bandari isiyo yao.

Kwa upande wa kuwasili, hali hutofautiana kwa nchi. Marekani ilidai orodha za abiria kuanzia mwaka 1820. Kwa Quebec, orodha zilizohifadhiwa kwa mfululizo zinaanza mwaka 1865, wakati mawimbi makubwa ya Waskoti yalikwisha kupita. Makoloni ya Australia, kwa kuwa yalilipa nauli ya wengi, yaliandika zaidi: orodha za wahamaji waliosaidiwa kuingia New South Wales mara nyingi hutaja wazazi na mahali pa asili. Inaonekana, basi, kwamba kiasi cha maandishi kilitegemea nani alilipa. Aliyejilipia nauli alipita bila kuandikwa.

3.0 Kumbukumbu za Familia kama Kiungo

3.1 Biblia, Barua na Kaburi

Pale ambapo serikali mbili hazikuandika safari, familia iliandika. Biblia ya familia kwa kawaida ilikuwa na kurasa za vizazi, ndoa na vifo, mara nyingi kati ya Agano la Kale na Agano Jipya. Kipimo chake cha kwanza ni mwaka wa kuchapwa. Ikiwa Biblia ilichapwa mwaka 1846 na ubatizo wa kwanza ulioandikwa ni wa mwaka 1809, habari hizo za mwanzo zilinakiliwa au ziliandikwa kwa kumbukumbu. Kipimo cha pili ni wino na mwandiko: matukio ya miaka thelathini yaliyoandikwa kwa mkono mmoja na wino mmoja yaliandikwa kwa kikao kimoja. Habari kama hizo hazitupwi, ila uzito wake ni wa ushuhuda wa baadaye.

Barua hubeba zaidi ya maneno yake. Kabla ya matumizi ya bahasha kuenea, karatasi yenyewe ilikunjwa na anwani kuandikwa nje, hivyo mhuri wa posta na jina la shamba alikoishi ndugu aliyebaki vimo katika karatasi ileile. Salamu za mwisho wa barua, ambazo msomaji wa kawaida huzipita haraka, ndizo zenye faida kubwa: zinataja majirani, na majirani hao mara nyingi ndio walioambatana safarini.

Maandishi ya kaburini katika makoloni mara nyingi yalitaja parokia ya asili ya marehemu. Kwa wahamaji wengi wa Nova Scotia na Ontario, jiwe hilo huwa ndilo andiko pekee linalotaja jina la parokia badala ya neno la jumla "Uskoti". Bila jina la parokia, kumtafuta John MacDonald wa Inverness-shire ni sawa na kutafuta sindano kwenye jaa.

3.2 Majina na Utaratibu wa Kurithishana

Waskoti wengi walifuata desturi ya kurithisha majina. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama, na wa tatu la baba yake. Binti wa kwanza alipewa jina la bibi mzaa mama, wa pili la bibi mzaa baba, na wa tatu la mama yake. Msomaji wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja desturi hii, kwa kuwa jamii kadhaa za eneo hili hurithisha majina ya mababu kwa mpangilio unaokaribiana nayo. Desturi haikuwa sheria, na haitoshi kuwa uthibitisho, lakini humwelekeza mtafiti jina la kutafuta katika kizazi cha juu.

Katika maeneo ya lugha ya Kigaeli, nasaba ilihifadhiwa pia kwa mdomo. Mtu alitambulishwa kwa mfuatano wa baba na babu, kwa mfano Iain mac Dhòmhnaill mhic Aonghais, yaani Iain mwana wa Dòmhnall mwana wa Aonghas. Neno mac hufanya kazi ya bin katika majina ya Waswahili, na nic katika majina ya wanawake hufanana na binti. Wahamaji wa Cape Breton walibeba minyororo hiyo ya majina hadi Kanada, na mingine ilikaririwa vizazi kadhaa baada ya daftari za parokia kupotea.

Tatizo hutokea jina la Kigaeli linapoandikwa na karani wa Kiingereza. Gilleasbuig aliandikwa Archibald, Tormod akawa Norman, na Aonghas akawa Angus au Aeneas. Mwanamke aitwaye Oighrig aliweza kuandikwa Effie, Euphemia, Henrietta, na wakati mwingine hata Africa. Mtafiti asiyejua jambo hilo atamwona Africa wa daftari la ubatizo na Effie wa sensa ya Kanada kuwa ni wanawake wawili, au atabuni asili ya kigeni kwa jina ambalo ni tafsiri tu ya karani.

4.0 Kupima Sababu ya Kuondoka

Kumbukumbu nyingi za familia za wazao wa Nyanda za Juu husimulia jambo moja: ukoo ulifurushwa, nyumba ikachomwa, na watu wakapakiwa melini. Simulizi hiyo ina msingi wa kweli. Katika bonde la Strathnaver, Sutherland, wapangaji waliondolewa mwaka 1814 na tena mwaka 1819 ili kupisha ufugaji wa kondoo, na Patrick Sellar, mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, alishtakiwa na kuachiwa huru na mahakama mjini Inverness mwaka 1816. Tume ya Napier ya mwaka 1883 ilisikiliza ushahidi wa wakulima wadogo kuhusu maisha na ardhi yao, mwingi ukitolewa kwa Kigaeli kupitia wakalimani, na Sheria ya mwaka 1886 iliyofuata ikawapa wapangaji usalama wa makazi.

Hata hivyo, uhusiano kati ya kufurushwa na kuhama ng'ambo haukuwa wa namna moja. Visa vitatu vinatosha kuonesha tofauti. Wengi wa waliotolewa Strathnaver hawakupandishwa meli. Walihamishiwa kwenye vipande vidogo vya ardhi pwani, na kama wazao wao walikwenda Kanada, huenda ni mwana au mjukuu aliyeondoka. Kwa upande mwingine, baadhi ya watu wa Kildonan waliopoteza mashamba walikwenda moja kwa moja kwenye makazi ya Red River, yaliyoanzishwa na Lord Selkirk, kuanzia mwaka 1813. Nao wapangaji wa South Uist na Barra waliosafirishwa kwenda Quebec mwaka 1851 walisukumwa na mmiliki wa ardhi, katika hali ambayo hiari haiwezi kuzungumzwa.

Zaidi ya hayo, wahamaji wengi wa Kiskoti hawakutoka Nyanda za Juu kabisa. Mwaka 1820 na 1821 wafumaji wa Glasgow na Lanarkshire, ambao ujira wao ulikuwa umeporomoka, walijiunga katika vyama vya uhamaji na kupewa ardhi huko Kanada ya Juu, katika eneo ambalo hadi leo linaitwa Lanark. Mtu wa kundi hili aliondoka kwa uamuzi wa chama alichojiunga nacho. Inapotokea wazao wake wanasimulia habari ya nyumba kuchomwa, simulizi ya kundi moja imelifunika kundi jingine.

Kupotoka huko si uongo wa makusudi. Simulizi za kufurushwa zilichapishwa, zikafundishwa na kuimbwa, na familia isiyo na kumbukumbu yake yenyewe ilijikuta ikivaa kumbukumbu ya taifa. Mtafiti ana njia za kupima: hati za kodi za shamba huonesha mpangaji alikuwepo hadi mwaka gani, taarifa za wachungaji katika maelezo ya takwimu za parokia ya miaka ya 1790, na tena ya 1834 hadi 1845, hueleza kama watu walihama na kwa nini, na tofauti kati ya mwaka wa kufurushwa na mwaka wa ubatizo wa mwisho katika parokia hueleza kama mambo hayo mawili yaliandamana. Matokeo ya kipimo hicho yana uzito wa kimaadili. Kumwita kila mhamaji mfurushwa kunapunguza uzito wa mateso ya wale waliofurushwa kweli.

5.0 Waliofutwa: Kisa cha Ukoo wa Wedderburn

Kasoro ya pili ni nzito zaidi, kwa kuwa inahusu watu walioachwa nje ya nasaba kabisa. Sir John Wedderburn wa Blackness alinyongwa mwezi Novemba 1746 kwa kushiriki uasi wa wafuasi wa ukoo wa Stuart, na mali ya familia ikapotea. Wanawe John na James walikwenda Jamaika, wakatajirika kwa mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, kisha wakarejea Uskoti. Kwa kipimo cha kumbukumbu za familia, hiki ni kisa cha wahamaji waliofanikiwa: kuanguka, kuvuka bahari, na kurudi na mali.

Nyaraka nyingine zinasimulia upande wa pili. John alirudi na Joseph Knight, aliyezaliwa Afrika na kununuliwa Jamaika. Knight alidai uhuru wake mahakamani, na mwaka 1778 Mahakama Kuu ya Uskoti ikaamua kwamba sheria ya nchi hiyo haitambui utumwa. James naye alizaa na Rosanna, mwanamke mtumwa, mtoto aitwaye Robert. Mwaka 1824 Robert Wedderburn alichapisha mjini London kitabu kidogo kiitwacho The Horrors of Slavery, akieleza kwamba aliwahi kwenda Inveresk kwa baba yake na kufukuzwa. Andrew, mwana wa James wa ndoa, alikana magazetini kwamba Robert ni ndugu yake.

Kwa mtafiti wa nasaba, mabishano hayo yana funzo la kimbinu. Ubishi wa mrithi haukuwa wa hisia tu. Kukubali undugu kungegusa heshima ya ukoo na mali yake. Hivyo basi, ukimya wa nyaraka za familia kuhusu mtoto kama Robert hauwezi kuchukuliwa kama ushahidi kwamba hakuwapo. Ukimya huo una mwenye kunufaika nao.

Wazao wa watumwa wa Jamaika wenye majina kama Campbell, Gordon au Wedderburn hukutana na ukuta huu kila wanapotafuta asili yao. Rejista za watumwa za kati ya mwaka 1817 na 1834 ziliandika jina, umri na rangi, na mara nyingi mama, lakini hazikuwa na nafasi ya baba. Tena, jina la ukoo wa Kiskoti pekee halithibitishi damu. Wakati wa ubatizo mtu aliweza kuchukua jina la baba, la mmiliki, la msimamizi wa shamba au la mdhamini. Njia yenye matumaini zaidi ni wosia. Waskoti waliofia ng'ambo wakiwa na mali Uskoti walishughulikiwa na mahakama ya mirathi ya Edinburgh, na wenye mali Uingereza na mahakama ya mirathi ya Canterbury. Katika wosia hizo mtu huweza kuwataja na kuwaachia urithi watoto ambao Biblia ya familia nyumbani haikuwaandika kamwe.

6.0 Mpangilio wa Ufuatiliaji

Kutokana na mjadala uliotangulia, hatua tano zinapendekezwa.

Kwanza, mtafiti aanze katika nchi ya kufikia na kumaliza nyaraka zake kabla ya kugusa za Uskoti: cheti cha kifo, kaburi, maombi ya ardhi, daftari za kanisa la wahamaji na habari za vifo magazetini. Lengo ni kupata jina la parokia.

Pili, achunguze kundi badala ya mtu mmoja. Waskoti wengi walihama pamoja na ndugu na majirani, wakapakana mashamba na kusimamiana ndoa na ubatizo. Ikiwa parokia ya mhamaji haijulikani, ya jirani yake yaweza kujulikana.

Tatu, agawe kumbukumbu ya familia katika madai madogo: jina, mahali, mwaka, meli, sababu. Kila dai lipewe ushahidi wake. Kuthibitika kwa jina la meli hakuthibitishi sababu ya safari. Meli Hector, iliyofika Pictou mwezi Septemba 1773, ni mfano mzuri: safari yake ni ya hakika, lakini orodha ya abiria inayotumiwa na wengi iliandikwa miongo kadhaa baadaye kutokana na kumbukumbu.

Nne, akipata mtoto wa jina lilelile katika daftari la parokia, ajaribu kumkanusha kabla ya kumkubali. Je, mtoto huyo alizikwa hapohapo? Alioa Uskoti? Yumo katika sensa ya 1851? Mgombea anayebaki baada ya wengine wote kuondolewa ndiye anayestahili kuunganishwa.

Tano, aandike wazi walioachwa nje. Mahali ambapo ushahidi unaashiria mtoto wa nje ya ndoa au wa mwanamke mtumwa, nafasi yake iachwe katika mti wa nasaba hata kama jina halijapatikana.

7.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba tatizo la kufuatilia wahamaji wa Kiskoti halitokani na uchache wa nyaraka kwa jumla, bali na mahali zilipokoma. Parokia ilimwandika mtu akibatizwa, koloni lilimwandika akipewa ardhi au akizikwa, na kati ya hayo mawili kwa kawaida palikuwa na bahari isiyoandikwa. Kumbukumbu za familia ndizo zilizovuka bahari hiyo, na kwa hiyo hakuna utafiti wa maana unaoweza kuzipuuza. Lakini zilivuka zikiwa zimechagua cha kubeba. Zilibeba fahari na machungu ya ukoo kama ukoo ulivyopenda yakumbukwe, na ziliwaacha nyuma watu ambao kuwataja kungegharimu heshima au mali. Mtafiti anayepima kila dai peke yake, na kuhoji ukimya kama anavyohoji maneno, ataweza kumpa kila mhamaji sababu yake halisi ya kuondoka, na kuwapa nafasi katika nasaba wale waliokanwa.